Walimu watatu, wanafunzi 60, wiki saba: tugawane vipi kazi ya drama shuleni?

Mlezi_Mpya

Walimu wenzangu, salamu. Shule yetu ni ya kutwa, wavulana na wasichana, huku mashambani Kenya. Chama cha drama tumekabidhiwa walimu watatu: mimi wa Kiswahili, mwenzangu wa Kilimo na mwingine wa Kompyuta. Hakuna kati yetu aliyesomea sanaa za maonyesho. Mchezo tulio nao ni wa Kiswahili, kurasa 28, wahusika 14, dakika kama 30, na lengo ni tamasha la kaunti ndogo. Waliojiandikisha ni wanafunzi 60. Zimebaki wiki saba.

Tunafanyia mazoezi kwenye bwalo la chakula: paa la mabati, sakafu ya saruji, madirisha makubwa pande mbili, hakuna jukwaa la kudumu. Mtu akisema neno mbele, nyuma unasikia mvumo tu. Fedha tulizotengewa ni shilingi 45,000, mafuta ya basi mbali.

Naomba msaada kwa haya: kazi tugawane vipi sisi watatu, wahusika tuwachague vipi bila kuwavunja moyo wale 46 watakaobaki, sauti tufanyeje kwenye bwalo hilo, na pesa hizo ziende wapi kwanza.

Mwongozaji_Mashinani

Mwalimu, wiki saba zatosha, mradi ya kwanza msiimalize mkiulizana nani afanye nini. Kipimo kinachotumika sana ni saa moja ya mazoezi kwa kila dakika moja ya jukwaani, na kwa waigizaji wachanga unaongeza robo hadi theluthi. Mchezo wa dakika 30 basi unadai saa 38 hadi 40. Mkikutana siku nne kwa wiki, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, mnapata saa sita kwa wiki, yaani 42 kwa jumla. Akiba ni ndogo sana. Wiki ya mitihani ikiingia hapo katikati, au riadha za shule, mmeishiwa. Chukueni kalenda ya shule leo, andikeni siku ya tamasha chini kabisa ya karatasi, kisha mpange mkipanda juu kuelekea leo, si kutoka leo kushuka.

Kuhusu ninyi watatu: mwongozaji awe mmoja. Michezo mingi ya shule inaharibika kwa sababu walimu wote wanaongoza. Mtoto anaambiwa na huyu aingie kwa hasira, na yule aingie kwa huzuni, mwishowe anaingia akiwatazama walimu badala ya kumtazama mhusika mwenzake. Wewe wa Kiswahili ongoza, maana mchezo ni wa maneno. Wenzako wakiona kasoro waiandike kwenye daftari wakupe wewe, na mwigizaji aisikie kutoka kwako peke yako.

Mwalimu wa Kilimo awe mratibu, na hiyo si kazi ya pili kwa heshima. Yeye ndiye wa barua za wazazi, pesa na risiti, chakula cha jioni, orodha ya mahudhurio, na kuongea na walimu wa madarasa mtoto anaposhuka alama. Mwalimu wa Kompyuta achukue ufundi: mandhari, maleba (mavazi ya jukwaani), vifaa vya mkononi, muziki, taa kama zipo. Mpeni wanafunzi wanane hadi kumi wa kudumu.

Juu ya hao muwe na msimamizi wa jukwaa, naye awe mwanafunzi, si mwalimu. Chagua yule mtulivu anayeheshimiwa na wenzake, hata kama hawezi kuigiza kabisa. Mtengenezee kitabu chake: kurasa za mchezo zibandikwe upande wa kulia wa daftari kubwa, upande wa kushoto ubaki mweupe. Huko kushoto anaandika kwa penseli kila mwendo, kila ishara ya ngoma, kila kifaa kinachoingia na anayekishika. Kwa penseli, kwa sababu mtabadilisha. Siku mwongozaji akiugua, kitabu hicho kinaendesha mazoezi.

Wiki zenyewe zinakwenda hivi. Ya kwanza ni usaili na kusoma mchezo mkiwa mmeketi duara, mara mbili, kila mmoja aelewe anasema nini na kwa nini. Ya pili na nusu ya tatu mnapanga miendo, kurasa tano kwa kila kikao, mkizidisha watoto watasahau. Siku mbili zilizobaki za wiki ya tatu rudieni zile sehemu ngumu. Mwisho wa wiki ya nne karatasi zote zinawekwa chini na mchezo unapitishwa mzima, hata ukivunjikavunjika. Ya tano ni ya kujenga uhusiano wa wahusika na kasi. Ya sita ni ya ufundi: kuingia, kutoka, kuhamisha vitu, ngoma. Ya saba mnapitisha mchezo mzima kwa maleba kila kikao bila kusimamisha, na maoni yanatolewa mwishoni.

Usiite waigizaji wote kila siku. Bandika Ijumaa ratiba ya wiki ijayo yenye onyesho na majina. Mtoto mwenye mistari sita akikaa dakika 90 akingoja, wiki ya tatu hatakuja.

Usaili wa watoto 60 unamalizika kwa vikao viwili. Waingie watano watano, dakika kumi kwa kila kundi, makundi sita kwa siku. Kila mmoja asome nusu ukurasa asioujua, kisha kundi lipewe jambo la kubuni papo hapo: mathalani jirani amekuja kudai jembe lake. Mwalimu mmoja akae mbele akitazama uso na mwili, wa pili asimame mwisho kabisa wa bwalo akisikiliza sauti tu, bila kuangalia. Linganisheni alama baadaye. Sauti nzuri ya karibu huwadanganya wengi.

Msijaze wahusika wakuu kwa watahiniwa wa mwaka wa mwisho, mwakani mtaanza sifuri. Na kila mhusika mkuu awe na mbadala anayejua mistari na miendo yote. Sababu si ugonjwa tu. Katika shule ya kutwa mhusika wako mkuu anaweza kurudishwa nyumbani kwa karo Jumanne ya wiki ya sita. Mratibu akae na mkuu wa shule mapema, wakubaliane kuhusu watoto hao kabla ya siku hiyo kufika.

Hao 46: toa wanane au kumi wa ufundi, kumi wa ngoma na nyimbo, wanne mbadala, wawili wa kumbukumbu na picha. Waliobaki waelekezwe kwenye vipengele vingine vya tamasha: ushairi wa mtu mmoja, ushairi wa kundi, masimulizi. Majina yote, ya kuigiza na ya kazi nyingine, yabandikwe karatasi moja, saa moja. Ukitangaza waigizaji leo na wafanyakazi wa jukwaa wiki ijayo, umeshawaambia hawa wa pili kuwa ni makombo.

Sauti_ya_Nyuma

Nijibu la bwalo, kwa kuwa hapo ndipo michezo mizuri hupotea.

Saruji na mabati hurudisha sauti. Neno la pili linatoka kabla mwangwi wa la kwanza haujaisha, yote yanagongana. Kwa hiyo dawa si kupaza sauti. Ukipaza, na mwangwi unapaza. Dawa ni mwendo wa polepole kidogo, konsonanti zinazobanwa vizuri, na kimya kifupi baada ya kila sentensi yenye habari muhimu. Kwenye mazoezi tundika mablanketi au mapazia mazito ukuta wa nyuma, ule unaowatazama waigizaji, na uweke watu kwenye viti. Bwalo tupu na bwalo lenye watoto 200 ni vyumba viwili tofauti, kwa sababu miili na nguo hunyonya sauti. Ukipima sauti bwalo likiwa tupu utawafundisha watoto kupiga kelele.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mwanafunzi asiyejua mchezo akae safu ya mwisho na karatasi. Mwigizaji aseme mistari yake ya ukurasa mmoja. Yule wa nyuma aandike kila neno analolisikia, asikisie. Ukisoma karatasi hiyo utaona mambo mawili yakijirudia.

Kwanza, miisho ya sentensi imekosekana. Watoto huvuta pumzi kidogo, wanaanza kwa nguvu, wanamaliza wakiwa wameishiwa. Waonyeshe mahali pa kupumua ndani ya mstari, weka alama kwa penseli, na wazoeze kuibeba sauti hadi silabi ya mwisho.

Pili, vianzio vya vitenzi vimemezwa. Kiswahili kinaweka ukanushi na nafsi hapo mwanzoni kabisa. Mwigizaji akiidondosha ile *h* ya "hatakuja", hadhira imesikia "atakuja", na mchezo umegeuka kinyume. Pitia mistari yote yenye ukanushi, ipige duara jekundu, ifanyieni mazoezi peke yake. Hili nalipa uzito kuliko lafudhi. Lafudhi ya nyumbani kwa mhusika mkulima au mchuuzi inaweza hata kumfaa. Lakini *l* na *r*, *s* na *sh*, *z* na *dh* zikichanganyika hadi maana ikapotea, majaji watakata alama na watakuwa na haki.

Kabla ya kila kikao, dakika 12 za kuamsha mwili na sauti, msiziruke hata siku ya tamasha. Mbili za kunyoosha shingo, mabega na taya. Tatu za pumzi: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa *sss* hadi hesabu ya 12, kisha 16, kisha 20, mabega yasipande. Tatu za kuvuma *mmm* midomo ikiwa imefungwa, halafu kuifungua kwa a-e-i-o-u. Nne za vitanzandimi, polepole kwanza, kisha kwa kasi: "Wale watu wa Liwali wala wali wa Liwali" inatosha kwa *l* na *w*, tungeni vyenu kwa sauti zinazowasumbua watoto wenu. Wavulana ambao sauti inavunjika msiwalazimishe kwenda juu wala kupiga mayowe, mtawaumiza koo. Mistari ya kelele igeuzwe iwe ya nguvu ya mwili na sauti ya chini.

Tamasha huangukia msimu ambao mvua haina adabu, na kwenye mabati hakuna anayeshinda mvua. Kubalianeni ishara mapema. Msimamizi wa jukwaa akiinua mkono, wote wanasogea theluthi ya mbele ya jukwaa, wanageuza vifua kwa hadhira, wimbo wa chinichini unakatwa, na kila sentensi inasubiri ile ya kwanza itue. Lifanyieni mazoezi angalau mara moja, mkiwapa wenzao kazi ya kupiga debe ukutani.

Na ngoma: mpigaji asikae nyuma ya mzungumzaji. Mweke pembeni, na chini ya mazungumzo atumie kiganja badala ya vijiti. Hili hukosewa hata kwenye shule zenye vikombe.

Fundi_wa_Bwalo

Pesa. Hizo 45,000 msianze kuzipeleka kwenye mandhari. Chakula cha jioni cha siku za mazoezi kiende kwanza. Shule ya kutwa, watoto wamekula saa saba, saa kumi na moja hawasikii la mwongozaji. Uji na mahindi au mkate unatosha. Kisha maleba, kisha vifaa vya mkononi, mwisho mandhari. Wekeni akiba kama 5,000 isiyoguswa hadi wiki ya saba, maana hapo ndipo viatu hukatika na betri huisha.

Mandhari yawe mepesi, yakunjike, yapite mlango wa basi au yafungwe juu yake. Fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2, futi 6 kwenda juu na 3 kwa upana, iwambe kwa kitambaa cha marekani, kisha rangi ya maji. Fremu tatu zilizounganishwa kwa bawaba zinasimama zenyewe zikikunjwa kwa pembe. Ikibidi fremu moja isimame peke yake, ipigie mhimili wa pembetatu nyuma na uweke mfuko wa mchanga wa kilo 10 juu ya mguu wake. Fremu iliyoegemezwa kiti itaangukia mtoto. Rangi isiwe ya kung'aa kwa sababu inarudisha mwanga na kila mkunjo wa kitambaa unaonekana. Kitambaa kilowekwe maji kabla ya rangi, ama kitalegea baadaye.

Zoezeni kupanga na kupangua kwa saa mkononi. Kwenye tamasha mchezo mwingine unatoka, wenu unaingia, na muda wa katikati ni mchache. Kama mandhari yenu yanadai zaidi ya dakika tatu kusimama, punguzeni. Meza moja, vigoda viwili na mlango mmoja vinatosha kwa nyumba yoyote ya Kiafrika jukwaani.

Ukubwa wa jukwaa mtakalokuta hamuujui. Chora kwa chaki au kamba eneo la mita 6 kwa 5 na mzoee hapo, kisha siku moja panueni hadi 9 kwa 6, siku nyingine punguzeni. Watoto waliozoea bwalo pana wakifika jukwaa dogo hugongana migongo. Miendo iandikwe kwa uhusiano ("karibu na mlango", "nyuma ya mama"), si kwa hatua.

Mwalimu wa Kompyuta atatamani taa. Kwanza muulize: onyesho ni mchana? Madirisha yana mapazia? Kama ukumbi una mwanga wa jua, agizo la "taa zinazimika" kwenye mchezo wenu halina maana. Hadhira itaona watoto wakibeba meza, na watacheka. Geuzeni kila kuzimika kwa taa kuwe wimbo mfupi au msafara wa wahusika wanaohamisha vitu wakiwa ndani ya uigizaji. Hata pakiwa na taa njia hii ni bora.

Kama mtaonyesha jioni kwa wazazi, taa mbili za mafuriko za LED za wati 50 zinatosha kuanza: moja kila upande wa mbele, juu mita tatu, zikielekea katikati kwa pembe ya nyuzi 45. Taa moja ya katikati mbele huondoa kina cha uso. Waya wa kurefusha wa ampea 13 kwenye umeme wa volti 240 unabeba kama wati 3,100 ukiwa umenyooshwa, lakini msifike huko. Kaeni chini ya 2,500. Na ufungueni wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa kuwa waya uliozungushwa hupata moto na kuyeyuka. Waya unaopita njia ya watoto ufunikwe kwa mkeka uliobandikwa sakafuni. Taa iliyo juu ifungwe mara mbili: kwa skrubu yake na kwa mnyororo au waya wa chuma.

Vifaa vya mkononi viwe na meza yao upande wa jukwaa, imetandikwa karatasi ya manila, kila kifaa kimechorwa umbo lake na jina la anayekibeba. Mtu mmoja anakagua kabla na baada. Umbo likiwa tupu unajua papo hapo kinachokosekana. Panga ni la mbao lililopakwa rangi ya fedha, halina mjadala. Taa ya mafuta haiwashwi, jiko halina makaa.

Maleba: leso, vitenge, kikoi, makoti ya walimu. Rangi zipangwe kwa familia au kambi za mchezo ili hadhira imtambue mtu kabla hajasema. Anayebadilisha nguo haraka avae za pili ndani, za juu zifungwe kwa kamba za kunata badala ya vifungo. Mazoezi ya kubadilisha hufanyika gizani na kwa saa, si siku ya mwisho. Na viatu: wazoee kutembea navyo kuanzia wiki ya tano, kwa sababu kiatu kigumu hubadilisha mwendo wa mhusika na hupiga kelele kwenye jukwaa la mbao.

Mlezi_Mpya

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mambo mawili bado. Skripti tuliipata kwa mwalimu wa shule nyingine, hatuna karatasi yoyote ya ruhusa. Na mkuu wa shule anataka kumlipa mkufunzi kutoka nje aje wiki mbili za mwisho "aunoe". Mnasemaje? Halafu kuna msichana wa mhusika mkuu, anajua mistari yote akikaa, akisimama inakimbia.

Wakili_wa_Jukwaa

Mwalimu, skripti hiyo isiingie tamashani kabla hujajua ni ya nani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, na kuionyesha mbele ya watu ni mojawapo ya haki zake. Mwalimu aliyekupa huenda si mwandishi. Mtafute mwandishi, upate barua fupi yenye mambo haya: jina la mchezo, shule inayoruhusiwa, mwaka na viwango vya tamasha, kama mnaweza kukata au kubadili sehemu, na malipo kama yapo. Iwe na sahihi yake na ya mkuu wa shule. Usipompata, tungeni wenu na wanafunzi. Wiki saba ni chache kwa hilo, lakini mchezo wa kurasa 15 wenye haki safi ni bora kuliko wa 28 utakaopingwa siku ya mwisho.

Mkiwa hapo, mkuu wa shule na angalau mjumbe mmoja wa bodi wausome mchezo wote sasa, si wiki ya sita, na waweke sahihi kwamba wameusoma. Mwaka 2013 na tena 2025 michezo ya shule ya wasichana ya Butere iliishia Mahakama Kuu, na mara hii ya pili wasichana walifika Nakuru na kuondoka bila kuuigiza. Sisemi mukimbie mambo mazito. Vijana wana haki ya kuigiza nchi yao. Nasema watu wazima wakubaliane wanasimamia nini kabla ya kuwapandisha watoto kwenye basi, na wawe tayari kusimama nao huko.

Mkufunzi wa nje: wiki mbili za mwisho ndizo mbaya kuliko zote. Atabadilisha miendo iliyokwisha kaa miilini, na mwongozaji wenu atakuwa mgeni kwenye mchezo wake. Kama mkuu amekaza, mwiteni wiki ya tatu, kwa siku mbili au tatu, kwa kazi mahususi: kufundisha ngoma, au pumzi, au mapigano ya jukwaani. Mapatano yaandikwe: siku, kazi, malipo, na kwamba neno la mwisho ni la mwalimu mwongozaji. Asibaki peke yake na wanafunzi hata dakika tano, na asichukue nambari zao za simu. Mbele ya TSC (mwajiri wa walimu) na mbele ya mzazi, anayejibu ni mwalimu.

Mengine ya ulinzi nitayasema kwa haraka. Wasichana wakisafiri, mwalimu wa kike asafiri nao. Vyumba viwili vya kubadilishia, au pazia na zamu. Onyesho lenye kushikana au kupigana lipangwe hatua kwa hatua, kila mguso ukubaliwe na wote wawili, na lisibadilishwe jukwaani. Barua ya mzazi iwe na saa ya kurudi, dawa anazotumia mtoto na nambari ya dharura. Na anayesahau mistari asipigishwe magoti wala asichapwe: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku adhabu ya viboko na kudhalilisha, na kwenye drama ina ubaya wa ziada, mwili uliojaa hofu haukumbuki kitu.

Sauti_ya_Nyuma

Nakubaliana na Wakili kuhusu mkufunzi, ila naongeza: kama mtapata mtu wa sauti kwa siku moja tu, mchukueni. Mandhari yanaweza kukopwa, sikio lililofunzwa halikopwi.

Huyo msichana: alijifunza mistari akiwa ameketi, kwa hiyo ubongo wake umeifunga kwenye kukaa. Mstari uhifadhiwe pamoja na mwendo. Fanyeni hivi kwa siku nne. Siku ya kwanza mtu amsomee mistari ya mwenzake, yeye ajibu akitembea tu bwaloni, bila kuigiza. Ya pili atumie mikono: avute maji, apepete mchele, akunje nguo, huku akisema. Ya tatu aseme kwa maneno yake mwenyewe maana ya kila mstari, kisha arudi kwenye maneno ya mchezo. Ya nne arudi kwenye miendo rasmi. Mara nyingi linalokosekana si neno bali sababu ya kusema. Anajua yake, hajui ya mwenzake. Mwambie ajifunze maneno manne ya mwisho ya kila mstari unaomtangulia, hayo ndiyo yanayomvuta.

Ukariri wake uwe wa kusikia pia: arekodi mistari ya wengine kwa simu ya mwalimu, aache nafasi kimya mahali pa yake, asikilize na kuijaza.

Mwongozaji_Mashinani

Hapo kwa mistari kuna mmoja wa kuangaliwa zaidi, mkumbushaji wa pembeni. Wiki ya nne mpeni kazi: mtoto akikwama anasema "mstari", anapewa maneno mawili, si sentensi nzima, na mchezo unaendelea bila kicheko. Kuanzia wiki ya sita aondolewe kabisa. Mwigizaji anayejua kuna sauti ya kumwokoa pembeni hageuki kumtazama mwenzake, anageuza shingo pembeni.

Badala yake wafundisheni kuokoana. Kwa kila ukurasa waulize: mwenzako akikauka hapa, wewe mwenye mstari unaofuata utasema nini ili habari isipotee? Mama anaweza kuuliza, "Au ulitaka kuniambia kuhusu lile shamba?" Mtoto anajibu "ndiyo" na amerudi njiani. Mkivianza vikao viwili vya wiki ya tano kwa zoezi hilo, ukimvuta mmoja pembeni kwa siri na kumwambia aruke mstari wake makusudi ili wengine wazoee kuuziba, wiki ya sita hamtahitaji mkumbushaji.

Jambo la mwisho la utaratibu, kwa mratibu: siku ya tamasha orodha mbili za majina, moja kwake, moja kwa msimamizi wa jukwaa, na zihesabiwe kabla ya basi kuondoka shuleni, mkishuka, na kabla ya kurudi. Vifaa vya mkononi viwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, na karatasi ile ya manila ikunjwe iingie juu, ndiyo ya kwanza kutandikwa mkifika. Barua ya ruhusa ya mwandishi na nakala mbili za mchezo ziwe kwenye mkoba wa mwongozaji, si kwenye sanduku.